Kiungo, Kikolezo na Kiongezwa: Istilahi za Vitialadha Vitokanavyo na Mimea

Mji wa Tunduma, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, ni mahali ambapo istilahi hupimwa kila siku kwa shehena. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia Zambia hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali za nchi hizi mbili mwaka 1976, hupita hapo hapo. Tangu mwaka 1969 hadi leo mengi yamebadilika katika taratibu za mpaka. Mojawapo ni kuzinduliwa kwa kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde mwezi Oktoba 2019, ambapo maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mmoja mahali pamoja. Lililobaki vile vile ni swali la kwanza la mkaguzi: humo mna nini? Na kwa mizigo ya iliki, manjano, mdalasini uliosagwa, masala ya pilau, vipande vya kutia kwenye mchuzi na chupa ndogo za arki, jibu ni moja tu: "Viungo."

Jibu hilo si la uongo. Ila ndani yake mna vitu vya namna nne au tano ambavyo sayansi ya chakula huvitenga, na ambavyo sheria huvitazama kwa macho mbalimbali. Kimoja hupita kama zao la shamba, kingine huhitaji kuthibitishwa kiwango, cha tatu hakiruhusiwi kutiwa katika chakula hata kidogo. Tangu Julai 2019, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kazi ya kudhibiti usalama wa chakula ilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania. Tena tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "viungo" penye vitu vitano anampa karani, mkaguzi na hakimu neno lisiloweza kuwasaidia. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno tuliyo nayo, kupendekeza mengine pale yanapopungua, na hasa kueleza yale mafungu ya maneno yanayotaja usalama, maana humo ndimo tafsiri zetu zinamopotoka zaidi.

Tuanze na kiungo chenyewe. Neno hili limetokana na kitenzi kuunga, na mpishi wa Kiswahili huunga mboga kwa karanga au kwa nazi, yaani huufanya mchuzi uliokuwa maji na majani kuwa kitu kimoja. Ni neno zuri, lenye hekima ya jikoni. Lakini limetumwa kazi nyingi mno: tuna viungo vya mwili, tuna kiungo wa timu ya mpira, na katika vifungashio vya bidhaa tunaona orodha ya "viungo" ambamo unga, sukari na maji vimo. Hapo mlaji mwenye kuwashwa na pilipili hajui atazame wapi. Twaona yafaa orodha ile iitwe ya viambato, neno ambalo wananchi wamekwisha kulizoea katika matangazo ya vipodozi vyenye viambato vya sumu, na kiungo kiachiwe maana yake ya jikoni: sehemu ya mmea, ikiwa ni mbegu, gome, ua, mzizi au tunda, mbichi, kavu au iliyosagwa, itiwayo katika chakula kwa ajili ya ladha na harufu. Karafuu ni kiungo. Gome la mdalasini ni kiungo. Mafuta yaliyokenekwa kutoka kwenye makonyo ya karafuu kule Pemba si kiungo tena, ingawa yametoka katika mti ule ule.

Mafuta hayo yanatupeleka kwenye neno la pili. Mtu akikamua, akikeneka au akichovya mmea katika spiriti ili kuitoa ile sehemu inayonukia, anapata kitu chenye nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Mapishi yetu yana neno la siku nyingi kwa kitu hiki: arki. Kila aokaye keki aijua arki ya vanila. Tunashangaa kuwaona wafasiri wakizunguka na "kimiminika cha ladha ya vanila" hali neno lipo dukani. Kwa jina la jumla, litakalochukua arki, mafuta ya kunukia, dondoo na vitu vya kiwandani vyenye kazi hiyo hiyo, tunapendekeza kitialadha, kwa kufuata muundo wa kipazasauti. Miongozo ya Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, inasema kwamba vitu ambavyo ladha yake ni tamu tu, au ya chumvi tu, au chachu tu, kama vile sukari, chumvi ya mezani na siki, havihesabiwi katika kundi hili. Mtu wa kawaida atacheka akiambiwa kuwa chumvi haitii ladha. Ndiyo sababu twataka neno lililoundwa mahsusi, ili maana ya kitaalamu isigombane na ya nyumbani.

Kikolezo nalo hutumiwa ovyo. Kukoleza moto ni kuuzidisha moto uliokwisha kuwaka. Chumvi hukolea katika chakula kilichopo. Basi kikolezo hakileti ladha yake mwenyewe bali huinua iliyopo. Mfano wake mashuhuri ni chumvi ya glutamati, ambayo wengi huiita ajinomoto kwa jina la kampuni iliyoitangulia sokoni. Mwanakemia Kikunae Ikeda wa Japani aliitenga mwaka 1908 kutoka katika mwani. Siku hizi hutengenezwa kwa kuchachusha molasi ya miwa au wanga. Kitu cha namna hii kiitwe kikolezaladha, kisichanganywe na kitialadha. Vile vipande vya kutia kwenye mchuzi vina vyote viwili, pamoja na chumvi nyingi, na ndiyo maana haviwezi kuitwa viungo tu.

Juu ya hayo yote lipo jina la ukoo mzima: kitu ambacho kwa kawaida hakiliwi peke yake kama chakula, kinachotiwa kwa makusudi ili kufanya kazi fulani, kama kuhifadhi, kugandisha, kutia rangi au kukoleza. Hapa twaona maandishi yakiyumba kati ya kiongeza na kiongezwa. Sisi twachagua la pili, na sababu ni ya kisarufi. Kiongeza ni kitu chenye kuongeza. "Kiongeza chakula" kingekuwa mbolea. Kiongezwa ni kitu kilichoongezwa, kama mwalikwa alivyo mtu aliyealikwa na kama wanasarufi wanavyosema kitendwa. Kiongezwa cha chakula, basi. Na kile kilichoingia bila kukusudiwa, kama sumukuvu katika karanga au dawa ya wadudu katika pilipili, ni kichafuzi. Tofauti ya kiongezwa na kichafuzi iko katika nia, siyo katika ubaya. Kuna na cha tatu, ambacho nia yake ni mbaya tangu mwanzo. Mwaka 2005 huko Uingereza mamia ya bidhaa ziliondolewa madukani kwa sababu sosi moja iliyotumika kuzitengeneza ilikuwa na unga wa pilipili uliotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan I. Rangi ile si kiongezwa wala si kichafuzi, bali ni ughushi, na neno hilo tunalo tangu zamani kwa fedha na hati. Hakuna haja ya kuunda jingine.

Sasa tuingie katika maneno yanayoleta madhara yakikosewa. La kwanza ni asilia, pamoja na mpinzani wake, bandia. Vifungashio husema "ladha asilia" na msomaji huelewa "salama". Husema "ladha bandia" naye huelewa "ya kudanganya", kwa kuwa kwetu bandia ni ile noti ya bandia na yule mtoto wa bandia. Tutazame vanila. Kitu kikuu kinachonukia katika tunda lake ni vanilini. Mwaka 1874 Wajerumani Tiemann na Haarmann waliiunda vanilini bila kugusa tunda la vanila. Na kwa miaka mingi baada ya hapo vanilini ya viwandani ilitengenezwa kutokana na eujenoli, ambayo hupatikana katika mafuta ya karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba zililiuzia dunia kuliko nchi yoyote zama hizo. Je, vanilini iliyotokana na karafuu ni asilia au bandia? Imetoka katika mmea, lakini si mmea unaotajwa na jina lake. Na molekuli yake haina tofauti na ile ya tundani. Kusema ni bandia ni kuisingizia, na kusema ni asilia bila maelezo ni kumpumbaza mnunuzi. Wataalamu wetu waliokwisha kutupa usanisinuru wametuachia neno lifaalo, nalo ni sanisi: vanilini sanisi, kitialadha sanisi. Bandia libaki kwa walaghai.

Kwamba asilia haina maana ya salama, mimea yenyewe inashuhudia. Mizizi ya mti wa Marekani uitwao sasafrasi ilitumika kutia ladha katika vinywaji hadi majaribio kwa panya yalipoonyesha kuwa safroli iliyomo huleta uvimbe wa saratani katika ini. Marekani ikaipiga marufuku kama kiongezwa mwaka 1960. Kumarini nayo ilikwisha kukatazwa huko mwaka 1954. Lakini safroli imo pia, kwa kiasi kidogo, katika kungumanga, na hakuna aliyepiga marufuku kungumanga katika pilau. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1334 ya mwaka 2008 imelieleza jambo hili kwa uangalifu: safroli, kumarini, na estragoli iliyomo katika mrehani ni miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa kutiwa peke yake katika chakula, ila baadhi yake vimewekewa vipimo vya juu katika vyakula fulani pale vinapoingia kwa kupitia viungo au vitialadha vyenye asili hiyo. Mfasiri akiandika kwa ufupi kwamba "safroli imekatazwa", muuza kungumanga wa Tunduma atanyang'anywa mali yake bila kosa. Aandike "imekatazwa kutiwa yenyewe". Maneno mawili hayo ndiyo sheria nzima.

Kadhalika karafuu. Punje chache katika chungu hazina shaka. Mafuta yake, ambayo watu huyatumia kwa jino linalouma, yakinywewa na mtoto mdogo hata mililita chache huweza kulidhuru ini vibaya. Kiungo na arki yake si kitu kimoja, na ndiyo maana tumesisitiza kuvitenga kwa majina.

La pili ni lile fungu la maneno la Kimarekani ambalo hutajwa kwa herufi nne, GRAS. Lilitokana na marekebisho ya sheria ya chakula ya Marekani ya mwaka 1958, yaliyovisamehe kupimwa upya vitu ambavyo wataalamu wenye sifa wanakubaliana kuwa ni salama kwa matumizi yaliyokusudiwa. Tafsiri tunayoikuta mara nyingi ni "kwa ujumla ni salama". Hii ni tafsiri mbovu, tena ya hatari. Kwa Kiswahili, kitu ambacho kwa ujumla ni salama ni kitu ambacho mara nyingine si salama. Asili yake haisemi hivyo. Ujumla ni wa utambuzi, siyo wa usalama. Tunapendekeza "kinachotambuliwa na wataalamu wote kwa jumla kuwa ni salama", na msomaji aongezewe, palipo na nafasi, kwamba kwa upande wa vitialadha utambuzi huo hutolewa zaidi na jopo la wataalamu lililoanzishwa mwaka 1960 na chama cha watengenezaji wenyewe. Ofisa wa serikali anayo haki ya kujua nani ametambua.

La tatu ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 1956 ipo Kamati ya Pamoja ya Wataalamu wa FAO na WHO kuhusu Viongezwa vya Chakula, nayo hutoa kwa kila kiongezwa kiwango kinachokubalika kwa siku, kikihesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mlaji. Eujenoli, kwa mfano, iliwekewa hadi miligramu 2.5. Lakini kwa viongezwa vyenye madhara madogo sana Kamati haitoi tarakimu. Husema kuwa kiwango hakikutajwa. Glutamati iliwekwa katika kundi hilo mwaka 1987. Sasa mfasiri akiandika "kiwango chake hakijulikani" au "hakijabainishwa", mwalimu wa sayansi kimu atawaambia wanafunzi kuwa kitu hicho hakijachunguzwa, hali kimechunguzwa na kuonekana hakihitaji kikomo. Maana imegeuka chini juu. Tuandike: "hakikuhitaji kuwekewa kikomo". Wala hadhi hiyo si ya milele. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliwekea glutamati kikomo chake yenyewe cha miligramu 30 kwa kilo. Kwa hiyo hati yoyote inayotaja hadhi ya usalama haina budi kutaja aliyeitoa na mwaka.

Tena kuna kukubalika na kuna kuvumilika. Kiongezwa, kwa kuwa hutiwa kwa hiari, huwekewa kiwango kinachokubalika. Kichafuzi, au kitu kibaya kilichomo ndani ya mmea wenyewe, huwekewa kiwango kinachovumilika, maana hakuna aliyekitaka. Kumarini katika mdalasini imewekewa huko Ulaya kiwango kinachovumilika cha miligramu 0.1 kwa kilo kwa siku. Hesabu yake inafaa kufundishwa shuleni. Mtu mzima wa kilo 60 anavumilia miligramu 6. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari imekisia kuwa mdalasini wa kasia una wastani wa miligramu 3,000 za kumarini katika kila kilo moja ya unga, yaani miligramu 3 katika kila gramu. Basi mtu huyo akila gramu 2 kila siku amefika kikomo. Mtoto wa kilo 15 hufika kwa nusu gramu, ambayo ni ncha ya kijiko katika uji. Kupita siku moja hakumdhuru; mazoea ya kila siku ndiyo yanayotiliwa shaka kwa walio wepesi kudhurika ini.

Hapo Kiswahili kinadaiwa. Mdalasini wa Seilani karibu hauna kumarini, nao wa kasia unayo tele, lakini sisi tunaviita vyote mdalasini. Vikiwa magome vinatambulikana: wa Seilani ni tabaka nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, wa kasia ni gome moja nene na gumu. Vikisagwa, jicho halitambui. Kinachobaki ni neno la kwenye kifungashio, na neno hilo hatujalitoa. Tunapendekeza hayo hayo mawili, mdalasini wa Seilani na mdalasini wa kasia, bila kuunda lolote jipya.

Tumalizie kwa mzigo ambao ni wa Tunduma hasa. Vanila ni okidi. Na katika Nyanda za Juu Kusini, Kitulo ikiwemo, huota okidi nyingine za ardhini, za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, ambazo viazi vyake vidogo huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia. Huko hutwangwa, hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na soda, mpaka vigande na kukatwa vipande kama nyama ya kopo. Chakula hicho huitwa chikanda. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikisia kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 huvushwa kwa mwaka. Mwenye vanila huchuma tunda na mmea hubaki. Mwenye chikanda hung'oa kiazi, na mmea umekwisha. Kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005 kulihusika na jambo hilo kwa sehemu.

Kwa istilahi zetu, kiazi hiki kiitweje? Ladha ya chikanda imetoka zaidi katika pilipili, karanga na chumvi. Kazi ya okidi ni kugandisha. Si kiungo, basi, wala si kitialadha. Na kwa kuwa ndicho chakula chenyewe, si kiongezwa pia, ni kiambato. Hadhi yake mpakani haitokani na kemia bali na mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975 na unaoiweka jamii yote ya okidi katika orodha za mimea ambayo biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali. Mtu akiandika "viazi" katika hati, mkaguzi atasoma mbatata. Akiandika "viungo", atasoma bizari. Tunapendekeza "viazi vya okidi", kwa maneno yote mawili, hata kama fomu ina nafasi finyu.

Jina la chakula chenyewe lina shida yake. Wapo wanaotaka kulisanifisha liwe kikanda, kwa kuwa chi- ya majirani zetu ni ki- yetu. Lakini kikanda tunalo tayari, katika ushirikiano wa kikanda na mikutano ya kikanda, na afisa wa forodha anayesoma "biashara ya kikanda" hatajua kama ni ya nchi jirani au ya okidi. Heri libaki chikanda, katika ngeli ya i- na zi-: chikanda hii, chikanda hizi.